Duchenne wa Boulogne: Tabibu Aliyeihoji Misuli kwa Umeme

Utangulizi

Mtu anapoamka na kukuta vidole vyake vimekufa ganzi, au nyayo zinamchomachoma kana kwamba amekanyaga sindano, au mkono umekosa hata nguvu za kushika kikombe, swali linalozuka ni jepesi kuuliza na gumu kujibu: kasoro iko wapi? Huenda iko ubongoni. Huenda iko kwenye uti wa mgongo, kwenye neva inayotoka utini kwenda kidoleni, au kwenye msuli wenyewe. Mgonjwa hawezi kupaonyesha mahali hapo kwa kidole, nalo jicho la tabibu haliwezi kupenya ngozi. Siku hizi hospitali kubwa zina kipimo cha kulijibu swali hilo: neva hushtuliwa kwa umeme kidogo, mwitikio wake ukapimwa, kisha sindano nyembamba ikaingizwa msulini kusikiliza umeme unaozalishwa humo.

Kipimo hiki hakikuzuka ghafla kama uyoga. Kina wazazi wengi, na miongoni mwao yumo tabibu mmoja wa Ufaransa ambaye hakuwahi kupewa cheo chochote katika hospitali alizozitumikia, ambaye wengi walimcheka akiwa hai, na ambaye jina lake leo limo katika vitabu vyote vya magonjwa ya neva na misuli. Huyo ni Guillaume-Benjamin-Amand Duchenne, aliyejulikana zaidi kama Duchenne wa Boulogne. Makala haya yanadhamiria kuyasimulia maisha yake, kazi yake na gharama aliyoilipa kwa ajili ya kazi hiyo.

Mwana wa mabaharia

Duchenne alizaliwa tarehe 17 Septemba 1806 katika mji wa Boulogne-sur-Mer, bandari iliyoko kaskazini mwa Ufaransa, inayotazamana na Uingereza ng'ambo ya mlangobahari. Zama hizo zilikuwa za vita. Miaka michache kabla ya kuzaliwa kwake, Napoleon alikuwa ameweka kambi kubwa ya majeshi papo hapo Boulogne akikusudia kuivamia Uingereza. Ukoo wa Duchenne ulikuwa wa watu wa bahari: wavuvi na manahodha. Baba mtu, aliyekuwa nahodha, alitamani mwanawe ashike usukani baada yake. Hata hivyo, kijana alivutwa na sayansi. Alisoma mjini Douai, akahitimu masomo ya sekondari akiwa na umri wa miaka 19, kisha akaelekea Paris kusomea utabibu.

Paris ya miaka hiyo ilikuwa kitovu cha utabibu wa Ulaya. Huko Duchenne alisomeshwa na magwiji wa enzi hiyo, akiwemo Laennec, aliyevumbua kifaa cha kusikilizia kifua, Dupuytren, bingwa wa upasuaji, na Magendie, mtaalamu wa fiziolojia. Mwaka wa 1831 alihitimu kwa tasnifu iliyohusu majeraha ya moto. Hakuna aliyemwona kuwa mwanafunzi wa ajabu, wala hapakuwa na mlezi wa kumfungulia mlango wa chuo kikuu au hospitali. Akarejea kwao Boulogne kuwatibu wavuvi na jamaa zao, akaoa, na maisha yakaelekea kutulia.

Mwaka uo huo wa 1831, jijini London, Michael Faraday aligundua kwamba sumaku inayosogezwa karibu na waya huzalisha mkondo wa umeme ndani ya waya huo. Wawili hawa hawakujuana. Hata hivyo, ugunduzi wa Mwingereza huyo ndio uliokuja kuwa chombo cha kazi cha tabibu wa Boulogne.

Msiba wa Boulogne

Utulivu huo haukudumu. Miaka miwili baada ya ndoa, mkewe alifariki kwa homa ya uzazi, siku chache baada ya kujifungua mtoto wa kiume aliyeitwa Émile. Duchenne ndiye aliyekuwa amemzalisha mkewe. Uvumi ukaenea mjini kwamba mume ndiye aliyesababisha kifo hicho, na familia ya mke haikuuzima. Mtoto alichukuliwa akalelewa upande wa kuukeni, mbali na baba yake. Hivyo basi, katika kipindi kifupi tabibu huyo alipoteza mke, mwana na heshima mbele ya majirani. Mji mdogo hauna siri, na jina likishachafuka si rahisi kulisafisha.

Duchenne alizama katika huzuni ya miaka mingi. Hata wagonjwa walipungua. Alioa tena mwaka wa 1839, lakini ndoa hiyo nayo haikufaulu. Kilichomshikilia katika kipindi hicho ni udadisi wake. Kuanzia katikati ya miaka ya 1830 alikuwa akijaribu tiba iliyoletwa na Sarlandière na kuendelezwa na Magendie: sindano mbili hudungwa mwilini, kisha mkondo wa umeme ukapitishwa kati yake kwa nia ya kutuliza maumivu. Katika majaribio hayo Duchenne aligundua jambo ambalo wengine walikuwa wakilipita tu. Kila umeme ulipopita, msuli uliokuwa karibu na sindano ulijikunja. Wenzake walishughulika na maumivu. Yeye akaanza kushughulika na mkunjo huo. Ni msuli upi uliojikunja? Kwa nini huo na si mwingine? Je, msuli mgonjwa ungejikunja vilevile?

Maswali hayo hayakuweza kujibiwa Boulogne. Mwaka wa 1842 alifunga mizigo yake akarudi Paris, akiwa na umri wa miaka 36, bila kazi, bila cheo na bila mtoto wake.

Sanduku la umeme

Ili kuielewa hatua aliyoipiga Duchenne, yafaa kukumbuka hali ilivyokuwa kabla yake. Luigi Galvani wa Bologna, nchini Italia, alikuwa amechapisha mwaka wa 1791 matokeo ya majaribio yake ya kushtua miguu ya vyura kwa umeme, akadai kwamba wanyama wana umeme wao wenyewe. Alessandro Volta alimpinga, na katika ubishi huo akaunda betri ya kwanza mnamo mwaka wa 1800. Tangu hapo matabibu wengi, na matapeli si haba, waliwapitishia wagonjwa umeme kwa matumaini ya kuponya kila kitu. Tatizo lilikuwa kwamba umeme wa betri uliopitishwa bila kukatizwa uliunguza ngozi, na sindano ziliacha vidonda. Zaidi ya hayo, umeme ulisambaa ovyo. Haikuwezekana kusema kwa uhakika ni msuli gani ulioguswa.

Duchenne aliutatua ugumu huo kwa njia mbili. Kwanza, aliacha umeme wa betri pekee akatumia umeme wa aina ya Faraday, unaozalishwa na koili na unaokatwa na kuunganishwa kwa kasi. Umeme huo haukuunguza ngozi. Pili, aliacha sindano. Badala yake alitumia vishikio vilivyofunikwa kwa kitambaa au sponji iliyoloweshwa maji, akavibana juu ya ngozi. Ngozi kavu huuzuia umeme, ilhali ngozi iliyolowa huupitisha hadi kwenye mnofu ulio chini yake. Kwa kuvisogeza vishikio hivyo polepole, alibaini kwamba kila msuli una sehemu yake juu ya ngozi ambayo ikiguswa, msuli huo peke yake ndio unaojikunja. Akaanza kuchora ramani ya mwili wa binadamu aliye hai, msuli baada ya msuli, bila kisu na bila damu.

Mnamo 1847 aliyawasilisha matokeo yake mbele ya wanasayansi wa Paris, na mwaka wa 1855 akachapisha kitabu chake kikuu kuhusu kupitisha umeme mahali mahususi mwilini. Kitabu hicho kilitolewa upya kikiwa kimepanuliwa mwaka wa 1861 na tena 1872.

Namna alivyofanya kazi ilikuwa ya pekee. Kwa kuwa hakuwa na wodi yake, alizunguka hospitali za Paris siku baada ya siku, sanduku lake la umeme mkononi, akiwatafuta wagonjwa waliopooza. Alimwuliza kila mmoja historia ya ugonjwa wake kwa kina, akampima msuli mmoja mmoja, akaandika. Mgonjwa akihamishwa, alimfuata hospitali aliyopelekwa. Akirudi nyumbani, alimfuata huko pia, wakati mwingine kwa miaka. Matabibu vijana walimcheka kwa lafudhi yake ya mkoani na kwa kung'ang'ania kwake. Jina lake nalo lilimtatiza, kwa kuwa Paris ilikuwa na tabibu mwingine maarufu wa matajiri aliyeitwa Duchesne. Ndiyo sababu akajiongezea jina la mji wake. Mji uliomwonjesha machungu ukawa ndio utambulisho wake duniani.

Misuli inapohojiwa

Thamani ya kazi hiyo ilidhihirika alipoanza kutenganisha magonjwa yaliyokuwa yakirundikwa pamoja chini ya jina moja la kupooza. Mifano michache itatosha.

Wa kwanza ni wa mafundi wa rangi na wengineo waliofanya kazi na madini ya risasi. Sumu ya madini hayo ilipowaingia, viganja vyao vililegea vikaning'inia. Duchenne alipoipima misuli inayoinua kiganja, aliikuta haiitikii umeme. Hata hivyo, msuli mmoja wa kigasha uliopakana nayo uliitikia kama kawaida. Mpangilio huo ukawa alama ya kuutambulisha ugonjwa. Kinyume chake, mtu aliyepooza upande mmoja kutokana na kiharusi alikuwa na misuli isiyoweza kutii amri yake, lakini iliitikia umeme vizuri. Maana yake ilikuwa wazi: kwa huyu wa pili, msuli na neva yake vilikuwa vizima, na kasoro ilikuwa juu, ubongoni. Kwa yule wa kwanza, kasoro ilikuwa chini. Wagonjwa wawili wasioweza kuinua mkono, waliofanana machoni pa watu, walipewa majibu tofauti.

Mfano wa pili ni wa wagonjwa waliopepesuka walipotembea. Ilidhaniwa kwamba nao wamepooza. Duchenne aliipima misuli yao akaikuta ina nguvu kamili. Walichokipoteza kilikuwa uratibu: miguu ilikuwa na nguvu lakini haikujua ilipo, hasa macho yalipofumbwa. Katika miaka ya 1858 na 1859 aliueleza ugonjwa huo kwa ufasaha, ingawa Mjerumani Moritz Romberg alikuwa ameugusia kabla yake. Baadaye ilithibitishwa kwamba chanzo chake ni kaswende inayoshambulia uti wa mgongo.

Kadhalika, aliuchunguza ugonjwa wa watoto ambao leo unaitwa polio, akashuku kwamba kasoro iko katika sehemu ya mbele ya uti wa mgongo zinakoanzia neva za misuli. Dhana hiyo ilithibitishwa na wengine baadaye kwa kutumia hadubini. Aidha, alieleza kukonda kwa misuli kunakoendelea hatua kwa hatua, kupooza kwa ulimi na koo, na kupooza kwa mkono wa mtoto mchanga aliyevutwa kwa nguvu wakati wa kuzaliwa. Hali hii ya mwisho hadi leo hubeba jina lake pamoja na la Mjerumani Wilhelm Erb.

Mwaka wa 1867 alichapisha kitabu kingine kuhusu fiziolojia ya mienendo ya mwili. Humo alionyesha kwamba hakuna msuli unaofanya kazi peke yake: hata kuinua kidole kimoja huhitaji misuli mingine ikaze, ilegee au ishikilie kiungo kisiyumbe. Mwili, kwa mtazamo huo, ni jamii ya watendaji wanaotegemeana.

Uso wa binadamu

Sehemu ya kazi yake inayowagusa wapenzi wa fasihi na sanaa ni ile ya uso. Duchenne alijiuliza: hisia za moyo huandikwaje usoni? Alimpata mzee mmoja, fundi viatu, ambaye uso wake ulikuwa umepoteza hisia za maumivu, hivyo aliweza kuvumilia umeme kwa muda mrefu. Kwa kuugusa msuli mmoja au miwili, Duchenne aliuvika uso huo hofu, huzuni, mshangao au furaha, huku mzee mwenyewe akiwa hahisi lolote kati ya hayo. Akisaidiwa mwanzoni na mpigapicha Adrien Tournachon, aliyanasa maumbo hayo kwa kamera, kisha mwaka wa 1862 akayachapisha katika kitabu kuhusu namna uso unavyoeleza hisia. Kilikuwa miongoni mwa vitabu vya mwanzo kabisa vya sayansi kutumia picha za kamera. Alithubutu hata kuikosoa sanamu ya kale ya Laocoön, akidai kwamba mikunjo ya paji lake la uso haiwezi kutokea kwa mtu aliye hai.

Ugunduzi wake mashuhuri katika eneo hilo unahusu tabasamu. Misuli inayovuta pembe za mdomo hutii matakwa ya mtu. Yeyote aweza kuivuta apendapo. Msuli unaozunguka jicho na kukunja ngozi yake haudanganyiki kirahisi, kwa sababu huamshwa hasa na furaha ya kweli. Waswahili wanaopambanua kicheko cha meno na kicheko cha moyo hawatashangazwa na tofauti hiyo. Duchenne aliipatia ushahidi wa misuli. Charles Darwin alivutiwa na picha hizo akazitumia baadhi katika kitabu chake cha mwaka wa 1872 kuhusu hisia za binadamu na wanyama. Wanasaikolojia wa karne ya 20 nao wakalipa tabasamu la kweli jina la Duchenne.

Haifai, hata hivyo, kuyapita majaribio hayo kwa sifa tupu. Wengi wa waliopimwa walikuwa maskini na wagonjwa wasiokuwa na sauti, na hakuna aliyeandika wao waliyaonaje. Jina la fundi viatu halimo katika kitabu kilichoueneza uso wake duniani. Kwa vigezo vya leo, tabibu angewajibika kuomba ridhaa yao kwanza. Hili halifuti mchango wa Duchenne, lakini linadai litajwe. Mgala muue na haki yake mpe, na haki hiyo ni ya pande zote mbili.

Wavulana waliodhoofika

Ugonjwa uliolibeba jina la Duchenne kuliko yote ni wa wavulana. Mtoto huzaliwa akionekana mzima. Huchelewa kutembea, huanguka mara kwa mara, hupanda ngazi kwa shida. Cha ajabu ni kwamba misuli ya shavu la mguu huonekana minene, kama ya mwanariadha, ilhali haina nguvu. Kadiri miaka inavyopita, mtoto hushindwa kusimama, na mwishowe misuli ya kupumulia na ya moyo hudhoofika pia.

Duchenne alipomweleza mgonjwa wake wa kwanza wa aina hiyo katika chapa ya 1861 ya kitabu chake, alidhani chanzo kilikuwa ubongoni. Hakung'ang'ania dhana hiyo. Aliunda sindano maalumu yenye mdomo wa kunasa, iliyoweza kuchukua kipande kidogo cha mnofu kutoka kwa mtoto aliye hai pasipo upasuaji mkubwa, kisha akakichunguza kwa hadubini. Alikuta kwamba kilichojaza misuli ile minene hakikuwa nguvu bali mafuta na tishu zisizojikunja. Mwaka wa 1868 alichapisha maelezo ya wagonjwa 13, akakiri kwamba ugonjwa ni wa misuli. Yeye aliyesifika kwa kusoma mwili kutoka nje alikubali kusahihishwa na kile alichokitoa ndani. Yafaa pia kutajwa kwamba Mwingereza Edward Meryon alikuwa ameueleza ugonjwa huo na kuuhusisha na misuli mnamo 1852, lakini historia haikumtendea wema. Jina lililobaki ni la Mfaransa.

Duchenne aliamini kwamba umeme ungetibu. Kwa baadhi ya waliopooza aliona nafuu. Kwa wavulana hawa hakuona lolote la kudumu. Hapo ndipo ulipo uchungu wa kazi yake: aliweza kumwambia mzazi, kwa uhakika ambao hakuna aliyekuwa nao kabla yake, mtoto anaumwa nini, lakini hakuweza kumponya. Kulijua jina la ugonjwa si sawa na kuwa na dawa yake. Hata hivyo, pasipo jina hilo hakuna dawa inayoweza kutafutwa.

Baba na mwana

Kadiri miaka ilivyosonga, dhihaka zilipungua. Matabibu wawili wenye uzito, Armand Trousseau na Jean-Martin Charcot, waliitambua thamani yake. Charcot, aliyeanza kuongoza wodi za hospitali ya Salpêtrière mwaka wa 1862 na kuigeuza kuwa shule kuu ya magonjwa ya neva, alimfungulia Duchenne milango ya hospitali hiyo na hakusita kukiri kwamba alikuwa mwalimu wake. Vyama vya kitaaluma vya nchi za nje vilimpa uanachama. Vyuo vya juu vya Paris penyewe havikumpa kiti. Nabii hakubaliki kwao.

Heri kubwa zaidi ilimjia kutoka alikokuwa amekata tamaa. Émile, mtoto aliyechukuliwa akiwa mchanga, alikuwa ameusomea utabibu. Baada ya kutengana kwa takriban miaka 30, baba na mwana walikutana tena Paris wakafanya kazi pamoja. Mwaka wa 1864 Émile alichapisha utafiti wake kuhusu kupooza kwa watoto, akitumia mbinu za baba yake. Uvumi wa Boulogne ulikuwa umeshindwa kuwatenganisha daima.

Furaha hiyo nayo haikudumu. Émile alifariki kabla ya baba yake. Duchenne, akiwa na zaidi ya miaka 60, alibaki tena mpweke, safari hii bila tumaini la kukutana. Aliendelea na kazi, akaitoa chapa ya tatu ya kitabu chake mnamo 1872, na kabla ya kufa akakabidhi picha zake za uso kwa chuo cha sanaa cha Paris. Mnamo Septemba 1875 aliaga dunia kutokana na kuvuja damu ubongoni. Charcot alikuwa miongoni mwa waliomuuguza. Hivyo, mtu aliyewapambanulia wengine chanzo cha kupooza kwao alichukuliwa na ugonjwa wa aina ileile aliyozoea kuipima. Mwaka wa 1897 kumbukumbu yake ilisimamishwa Salpêtrière, mahali ambapo hakuwahi kuajiriwa.

Urithi

Kipimo cha leo cha neva na misuli si kile cha Duchenne moja kwa moja. Yeye alitazama kwa macho iwapo msuli umejikunja. Leo mashine hupima. Hermann von Helmholtz alionyesha mwaka wa 1850, kwa neva ya chura, kwamba ujumbe wa neva una kasi inayoweza kupimwa, wala si ya ghafla kama ilivyodhaniwa. Mwaka wa 1929, Edgar Adrian na Detlev Bronk walieleza sindano ya kunasa umeme wa ndani ya msuli. Katika miaka ya 1940 upimaji wa kasi ya neva kwa wagonjwa ukaanza kushika mizizi.

Utaratibu wenyewe unaeleweka bila fumbo. Neva ya mkono hushtuliwa katika sehemu mbili, kiwikoni na kifundoni, na muda wa kufika kwa mwitikio hurekodiwa. Umbali kati ya sehemu hizo ukiwa milimita 220 na tofauti ya muda ikiwa milisekunde 4, kasi ni mita 55 kwa sekunde, ambayo ni ya kawaida kwa mkono wa mtu mzima. Kasi ikishuka sana, huenda ala inayoizunguka neva imeharibika. Kasi ikiwa karibu na ya kawaida lakini mwitikio ukawa hafifu, huenda nyuzi zenyewe zimekufa. Ucheleweshaji ukiwa kifundoni tu, pengine neva imebanwa hapo, na ndiyo sababu ya vidole kufa ganzi usiku. Kisha huja sindano. Msuli mzima ukitulia huwa kimya. Uliokatiwa neva yake hutoa vishindo vidogovidogo hata ukiwa umepumzika. Kipimo kina mipaka yake: neva nyembamba sana za maumivu na joto hazionekani humo, hivyo matokeo mazuri hayamaanishi kwamba mgonjwa anajisingizia.

Kuhusu wavulana wa Duchenne, mwaka wa 1987 watafiti walitambua protini inayokosekana katika misuli yao wakaiita distrofini. Jeni yake imo katika kromosomu ya X, na ndiyo maana ugonjwa huwapata hasa wavulana, takriban mmoja kati ya kila 3,500 hadi 5,000 wanaozaliwa. Tiba za kuupunguza kasi zimepatikana, ingawa uponyaji kamili haujafikiwa.

Hitimisho

Maisha ya Duchenne wa Boulogne yanafunza kwamba elimu haihitaji kiti cha enzi ili izae matunda. Hakuwa na wodi, hakuwa na cheo, wala hakuwa na wanafunzi wa kumpigia makofi. Alichokuwa nacho ni sanduku, subira na tabia ya kumwuliza mgonjwa mmoja swali lilelile mpaka mwili ujibu. Alikosea pengine, akajisahihisha. Alipoteza vingi, na kimoja kati ya hivyo akakirejeshewa kwa muda mfupi.

Kwa wasomi wa Kiswahili, lipo funzo jingine. Duchenne alikuta neno moja, kupooza, likibeba magonjwa kumi, akalifumua hadi kila ugonjwa ukapata jina lake na mahali pake. Kupanga maneno na kupanga maarifa ni kazi moja. Mgonjwa anayeeleza kwa Kiswahili tofauti kati ya ganzi, kuchomwachomwa, kufa kwa kiungo na kukosa nguvu amekwisha kumpa tabibu nusu ya jibu, mradi tabibu naye anaijua lugha ya kumsikiliza.